Nani Hasa Anakukopesha Kwenye Simu?

Ukiomba Okoa Jahazi, Safaricom inakukopesha kitu chake. Muda wa maongezi ni mali ya kampuni yenyewe. Inakupa, inakata ada yake ya asilimia 10, na siku ukiweka salio inajilipa. Hakuna benki hapo wala haihitajiki. Mwenye duka akikupa unga kwa daftari haombi ruhusa Benki Kuu, na Okoa Jahazi ni daftari la namna hiyo, ila lina kurasa nyingi sana.

Toka hapo uingie M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyo ndani ya M-Pesa. Simu ni ile ile, laini ile ile, rangi ya kijani ile ile, lakini anayekukopesha si Safaricom tena. Ni benki ya NCBA. Siku ulipokubali yale masharti (hukuyasoma, na mimi sikuyasoma) ulifungua akaunti ya benki ukiwa umekaa kwenye matatu. Wengi wetu tumekopa miaka na miaka tukisema "Safaricom wamenipa elfu mbili", kumbe Safaricom ni mlango tu.

Kwa nini kampuni tajiri kuliko benki nyingi za nchi hii imtafute mtu wa kukopesha kwa niaba yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza biashara nzima ya mikopo ya mtandaoni, hapa Kenya na kwingineko. Linaeleza pia kwa nini app moja ya mikopo hudumu na nyingine hutoweka.

Anza na pesa zilizomo kwenye M-Pesa. Zile si za Safaricom. Ni zako na za wenzako, nazo zimewekwa kwenye akaunti za benki za biashara chini ya wadhamini. Ukiona salio la shilingi 4,000 kwenye simu, kuna 4,000 halisi zimelala benki zikikungoja. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuzichukua ikamkopesha jirani yako. Kupokea amana za umma kisha kuzikopesha ndiko sheria inakokuita biashara ya benki, na Sheria ya Benki, Sura ya 488, haimruhusu mtu kuifanya bila leseni.

Kwa hiyo Novemba 2012 Safaricom ilipotaka kutoa mikopo iliungana na Commercial Bank of Africa (CBA), benki iliyojulikana zaidi kwa kuhudumia makampuni na watu wenye nacho, yenye matawi ya kuhesabika. Kila upande ulileta ulichokuwa nacho. Safaricom ilileta wateja na historia yao: umetumia laini hii muda gani, unaweka salio mara ngapi, M-Pesa yako inapitisha nini. Mtu asiye na hati ya mshahara wala shamba la kuweka rehani akapimwa kwa tabia za simu yake. Benki ikaleta leseni, fedha za kukopesha, na kifua cha kubeba hasara wateja wasipolipa.

Mkataba huo ulizaa sana. Benki ya KCB ilikuja na KCB M-Pesa mwaka 2015. Vodacom Tanzania ilikuwa imeshaanza M-Pawa mwaka 2014 na tawi la benki ile ile ya CBA, kisha MTN Uganda wakaleta MoKash mwaka 2016, tena na CBA. Fuliza, inayokukamilishia malipo ya M-Pesa salio lisipotosha, ilipozinduliwa Januari 2019, nyuma yake kulikuwa na benki mbili, CBA na KCB. Mwaka huo huo CBA iliungana na benki ya NIC ikawa NCBA. Benki iliyokuwa ya wachache ikajikuta na mamilioni ya akaunti, nyingi zikiwa za watu ambao hawajawahi kuona mlango wake.

Riba inapobadilishwa jina

Benki haileti leseni peke yake. Inakuja na sheria zake zote, kama bibi harusi anavyokuja na ukoo mzima, na Septemba 2016 ukoo ulibisha hodi. Bunge la Kenya lilikuwa limeweka ukomo wa riba: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwa kiwango cha wakati ule, ukomo ulikuwa karibu asilimia 14 kwa mwaka.

M-Shwari ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu: 7.5 mara 12 ni 90. Mkopo wa benki uliotakiwa usizidi asilimia 14 kwa mwaka ulikuwa ukitembea na 90. Nani alivunja sheria?

Hakuna, maana ile haikuwa riba. Iliitwa ada ya kuwezesha mkopo, inayotozwa mara moja, nayo sheria ya ukomo ilizungumzia riba. Mimi naona ule ulikuwa mchezo wa maneno, na waliopaswa kuusimamisha waliutazama ukichezwa. Lakini tuwe wa haki. Mkopo wa shilingi 500 kwa mwezi mmoja, kwa asilimia 14 ya mwaka, unaingiza kama shilingi 6. Toa gharama ya ujumbe, mitambo, na fungu la Safaricom, kisha kumbuka kwamba katika kila kundi la wakopaji wapo wasiorudi. Shilingi 6 hazitoshi. Kwa ada ya 7.5 mkopo huo huo unaleta 37 na nusu. Kama ukomo ungesimama juu ya mikopo hii midogo kama ulivyoandikwa, mikopo hiyo ingekufa, na mwenye kuhitaji 500 za dawa usiku angerudi kwa shailoki wa mtaa. Pande zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukomo ulifutwa Novemba 2019. Ada ikabaki.

Shika jambo hilo mkononi kidogo, la kwamba kubadilisha jina la kitu hubadilisha sheria inayokishika. Tutalikuta tena mbali sana, kwenye mji wa Salt Lake City.

Waliokuja bila benki

Kando ya njia hii ya benki kulikuwa na kichochoro. Tumeona kwamba sheria iliwashika wanaopokea amana. Je, ukikopesha pesa zako mwenyewe, au za wawekezaji wako, na hupokei akiba ya mtu yeyote? Basi wewe si benki, na Sura ya 488 haikuhusu. Huhitaji NCBA wala KCB. Unahitaji kampuni iliyosajiliwa, namba ya malipo ya M-Pesa, na programu kwenye Play Store.

Tala iliingia Kenya mwaka 2014, wakati huo ikiitwa Mkopo Rahisi, na makao yake yako California. Branch nayo inatoka huko huko California, na mwanzilishi wake Matt Flannery alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kiva, tovuti ya kuwakopesha watu wa kipato kidogo. Kwa vile hawakuwa na historia yako ya M-Pesa kama aliyonayo Safaricom, walisoma simu yenyewe: jumbe za malipo, orodha ya majina, aina ya simu. Nyuma yao kulikuwa na fedha za wawekezaji wa nje. Na nyuma yao wote wakaja wengine makumi kwa mamia, baadhi wakiwa hawana ofisi unayoweza kuielekeza kwa kidole.

Shangazi yangu alipigiwa simu siku moja na kijana asiyemjua. "Mama, wewe ndiye shangazi wa fulani? Mwambie alipe deni letu, mwizi huyo." Shangazi alidhani mpwa wake ameua mtu. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 3,000 kutoka app moja ambayo sitaitaja, na kijana yule alikuwa amepata namba ya shangazi kwenye orodha ya majina ya simu ya mdaiwa. Mwajiri wake naye alipigiwa. Mchungaji pia.

Ukiuliza kwa nini benki haikumpigia mchungaji, jibu si kwamba benki zina roho nzuri. Benki inaweza kulipiga mnada shamba lako bila kupepesa macho. Ila benki ina mtu wa kumwogopa. Ina leseni inayoweza kupokonywa, ina kanuni za kulinda wateja, na ina kifungu cha 44A cha sheria yake kinachosema kwamba deni likiacha kulipwa, riba itakayodaiwa haiwezi kuzidi deni lenyewe lililobaki. App ya kichochoroni haikuwa na lolote kati ya hayo.

Lakini usidhani mtu aliyekwepa leseni hakumtegemea yeyote. Alitegemea mambo matatu ambayo yote yalikuwa mikononi mwa wengine, na yalianza kuchomolewa moja baada ya jingine.

La kwanza ni CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za nani analipa madeni na nani halipi. Silaha kubwa ya mkopo usio na dhamana ni tishio la kuandikwa CRB, kwamba ukinyima 800 leo utanyimwa laki nane kesho. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina huko. Kwa tangazo moja, fimbo ikaondoka mkononi.

La pili ni Play Store. Mwaka 2019 Google ilikataza programu za mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60, na mwaka 2023 ikazizuia programu za mikopo kusoma orodha ya majina na picha za mteja. Kwa Kenya iliongeza sharti la kuonyesha leseni ya Benki Kuu au uthibitisho kwamba umeiomba. Inachekesha kidogo, na kuudhi kidogo, kwamba kampuni ya Marekani ilimzuia mtu kumpigia mchungaji wetu kwa urahisi kuliko sheria zetu wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data tulikuwa nayo tangu 2019, lakini faini zilizosikika zilikuja 2023, mojawapo ikikaribia shilingi milioni 3.

La tatu ni sheria yenyewe kuwepo au kutokuwepo. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za watoa mikopo ya kidijitali. Kila asiye na leseni alipewa miezi sita aombe. Yalifika maombi 288. Muda ulipokwisha mwezi Septemba, waliokuwa wamepata leseni walikuwa 10. Kumi! Wengine waliendelea kungoja, na wengine waliingia mitini. Idadi ya wenye leseni imekuwa ikipanda polepole, ikapita mia moja kufikia katikati ya 2025.

Nimesikia watu wakisema kanuni hizo zilishusha bei ya mikopo. Hazikuweka ukomo wa riba. Zilimtaka mkopeshaji aonyeshe bei yake na namna anavyoihesabu, ajulikane mwenye kampuni ni nani na fedha zake zimetoka wapi, akome kutukana na kutishia, na asipandishe bei bila kufuata utaratibu. Mkopo ghali uliotangazwa waziwazi bado ni halali.

Utah, ambako benki hukodishwa

Kenya kampuni ya simu ilitafuta benki kwa sababu bila benki isingeruhusiwa kukopesha amana. Marekani kampuni za mikopo ya mtandaoni zilitafuta benki kwa sababu nyingine kabisa, na kuielewa inabidi tufanye mchezo wa kufikiria.

Tuseme kaunti zetu 47 kila moja inajitungia sheria ya riba. Mombasa inasema mwisho asilimia 12. Kisumu 18. Kitui inasema toza utakavyo. Ukitaka kukopesha nchi nzima inakubidi ujue sheria 47 na uombe vibali 47. Kisha Mahakama ya Juu inaamua kwamba benki huongozwa na sheria ya riba ya kaunti yenye makao yake, hata mteja awe Mombasa. Kesho yake kila mtu anataka benki ya Kitui.

Ndivyo ilivyotokea kule. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Marquette dhidi ya First of Omaha. Benki ya Nebraska ilikuwa ikiwatoza wenye kadi huko Minnesota asilimia 18 iliyoruhusiwa kwao Nebraska, ilhali Minnesota ukomo ulikuwa 12. Majaji wakasema wote kwa sauti moja kwamba inaruhusiwa. Miaka miwili baadaye Bunge likazipa benki zenye leseni za majimbo haki hiyo hiyo. South Dakota ikafuta ukomo wake wa riba, na Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi huko. Utah nayo ilikuwa na milango wazi pamoja na aina yake ya benki ndogo ambazo hata kampuni isiyo ya kibenki inaweza kuzimiliki.

Haki hiyo ni ya benki. Tovuti ya mikopo haina. LendingClub, iliyoanzishwa mwaka 2006 ikiunganisha wenye pesa na wanaozihitaji, ilikuwa tovuti. Kwa hiyo ilifanya mkataba na WebBank, benki ya Salt Lake City ambayo Wamarekani wengi hawajawahi kuisikia ijapokuwa jina lake limo kwenye mikataba yao. Mteja wa New York au Texas anaingia LendingClub, anaomba, LendingClub inampima na kumkubali. Halafu WebBank ndiyo inayotoa mkopo. Baada ya siku chache LendingClub inaununua mkopo huo na kuupitisha kwa wawekezaji. Benki inabaki na ada yake. Mkopo umezaliwa Utah, ukabatizwa Utah, na sasa unazunguka nchi nzima na cheti chake cha kuzaliwa mfukoni. Cross River Bank ya New Jersey ilifanya kazi hiyo hiyo kwa kampuni nyingine nyingi. Wanaoupinga mtindo huu wameupa jina linalomaanisha kukodi benki, na sioni kama wamekosea sana.

Mfumo mzima ulisimama juu ya wazo moja, kwamba mkopo uliozaliwa halali haugeuki haramu kwa kuuzwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani inayohudumia New York, Connecticut na Vermont ililitikisa wazo hilo katika kesi ya Madden dhidi ya Midland Funding. Deni la kadi la benki lilikuwa limeuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, ambayo iliendelea kudai asilimia 27, na New York mtu asiye benki akitoza zaidi ya 25 anaingia kwenye jinai. Mahakama ikasema kampuni ile si benki, kwa hiyo haiwezi kujifunika shuka ya benki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Angalia jambo hili: LendingClub haikuwa na kesi pale. Hakuna aliyeishtaki humo. Lakini mikopo yake yote ilikuwa na umbo lile lile, benki inatoa, asiye benki anabaki nayo, na wawekezaji walianza kuuliza maswali. Februari 2016 iliubadilisha mkataba wake na WebBank ili benki iendelee kupata sehemu ya malipo maadamu mkopo uko hai, isiwe imeutema baada ya siku mbili tatu.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu kuna swali la pili, kali kuliko lile la Madden. Mkopeshaji wa kweli ni nani? Kama tovuti ndiyo iliyomtafuta mteja, ikampima, ikaahidi kuununua mkopo, na ndiyo itakayolia mteja asipolipa, je, benki ilikopesha nini zaidi ya jina? Jaji akiona benki ni pazia tu, analifunua, na sheria ya riba ya jimbo la mteja inarudi. Benki inayoshika kipande cha mkopo inaonekana kidogo zaidi kama benki.

Vita vya swali hilo vimekwenda huku na huku kama mawimbi ya kusi na kaskazi. Mwaka 2020 wasimamizi wa serikali kuu waliandika kanuni za kuizima Madden. Mwaka huo huo mmoja wao akaandika kanuni nyingine, kwamba benki ndiyo mkopeshaji ikiwa jina lake limo kwenye mkataba au ndiyo iliyotoa fedha, basi. Juni 2021 Bunge liliifuta kanuni hiyo ya pili na Rais Biden akatia saini. Colorado ilikuwa imezishtaki kampuni mbili za mikopo ya mtandaoni, Avant na Marlette, mmoja akitumia WebBank na mwingine Cross River, na mwaka 2020 wakapatana kwamba mikopo yao kwa watu wa jimbo hilo isizidi asilimia 36 kwa mwaka. Illinois iliweka 36 hiyo hiyo katika sheria mwaka 2021, ikaandika wazi kwamba mwenye kufaidika zaidi na mkopo ndiye mkopeshaji, hata ajifiche nyuma ya nani.

Na LendingClub? Ilichoka kupanga, ikanunua nyumba. Februari 2021 ilikamilisha ununuzi wa Radius Bank, benki ya Boston, kwa dola milioni 185. Kampuni iliyozaliwa ikiahidi kuwaondoa mabenki katikati ikawa benki.

Pesa ya amana ni pesa rahisi

Wengi huzitazama habari hizo za kununua benki kama hadithi ya sheria. Upande wa fedha ni mzito zaidi kwa maoni yangu. Mkopeshaji asiye na amana anakopesha pesa ambazo naye amezikopa au amezipata kwa kuwauzia wawekezaji mikopo yake, na wawekezaji hukimbia. Mwenye amana anakopesha akiba za watu wanaoridhika na riba ndogo, na ambao hawaondoki wote siku moja.

Hapa kwetu tofauti hiyo ina makali ya ziada. App iliyoletewa mtaji wa dola inakukopesha shilingi na itakudai shilingi. Mwishoni mwa 2021 dola ilikuwa kama shilingi 113, na Januari 2024 ikagusa 160. Aliyekopa dola akakopesha shilingi alipata hasara ya kubadilisha fedha hata kama wateja wake wote walilipa kwa wakati, na hakuna mkopeshaji ambaye wateja wake wote hulipa. Hasara kama hiyo lazima ilipwe na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mkopaji anayefuata.

Ndiyo maana sikushangaa Branch ilipochukua sehemu kubwa ya hisa za Century, benki ndogo ya mikopo midogo ya Nairobi, mwanzoni mwa 2022. Hisa hizo zilikuja na leseni ya kupokea amana. Ni safari ile ile ya LendingClub kwa kiatu kidogo. Hata serikali yenyewe, ilipoanzisha Hazina ya Hasla Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, haikuweza kutoka hazina moja kwa moja hadi kwenye simu yako. Ilipitia kampuni za simu na mabenki.

Tanzania wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne, na wanaokopesha bila kupokea amana wakawekwa daraja la pili. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa mikopo ya kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Mitaani mikopo ya namna hiyo ina jina ambalo halihitaji kamusi: kausha damu.

Kwa anayetaka kujua leo ni nani anamkopesha, mahali pa kutazama ni kwenye masharti, si kwenye nembo. Tafuta jina la kampuni lenye neno "Limited" au "Bank" mwishoni, kwa kuwa jina la app na jina la mwenye app mara nyingi ni mbili tofauti. Kisha litafute jina hilo kwenye orodha ambayo Benki Kuu inaichapisha. Ukikuta benki, unajua ni sheria gani na mlango gani wa kupeleka malalamiko. Ukikuta mtoa mikopo mwenye leseni, nako kuna mlango. Usipokuta jina lolote, umeshajua.

Kazi iliyobaki sasa iko kwa wanaouza kwa mkopo. Kanuni za 2022 zilimwacha mtu ambaye mkopo kwake ni jambo dogo linaloambatana na bidhaa anazouza, na haki yake, la sivyo mwenye duka la unga na daftari lake angehitaji leseni. Lakini kuna simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku, zinazojifunga zenyewe usipolipa, ambazo ukijumlisha malipo unaona umenunua simu moja na nusu. Ile nusu ni nini? Muuzaji anasema ni bei. Mnunuzi anayehesabu anasema ni riba. Desemba 2024 Kenya iliifanyia sheria marekebisho mengine, ikaacha kuzungumzia mikopo ya kidijitali peke yake na kuwaingiza wote wanaotoa mikopo bila kupokea amana, pamoja na mipango ya kununua sasa na kulipa baadaye. Wauzaji wa simu wataulizwa lile swali aliloulizwa WebBank, na wanasheria wao, bila shaka, wameshaanza kutafuta jina la ile nusu.